Ayatollah Si Jina la Mtu: Cheo Kisicho na Cheti

Unakumbuka insha za shule ya msingi? Mwalimu anasimama mbele na chaki mkononi, anakwambia ugawe kazi yako kwa aya. Basi hiyo aya ya insha ndiyo hiyo hiyo iko mwanzoni mwa neno ayatollah. Kwa Kiarabu, aya ni ishara, yaani alama inayokuelekeza kwa kitu kikubwa zaidi yake. Vipande vya Kurani vinaitwa aya kwa sababu kila kimoja kinahesabiwa kuwa ishara. Sisi Waswahili tukalibeba neno tukalipeleka hadi darasani. Washia wao wakaliunga na jina la Mungu, wakapata cheo: ishara ya Mungu.

Nasema cheo kwa sababu wasee wengi wa rika letu wanadhani ni jina la mtu. Taarifa ya habari inasema "Ayatollah ametoa onyo", na msee anafikiria kuna mzee mmoja kule Iran ambaye mamake alimpa jina hilo akiwa mchanga. Mtaani nako limekuwa jina la kumtania mtu mkali. Hosteli niliyokaa tulikuwa na keateka aliyefunga geti saa nne kamili usiku, hata ukilia, na kila mtu alimwita Ayatollah. Sidhani kuna yeyote kati yetu aliyejua tulikuwa tunamwita ishara ya Mungu.

Sasa, kwa nini naandika kuhusu hii kitu? Kwa sababu kila nikiposti historia, lazima mtu aje kwenye maoni aulize: "Kwani wewe una digrii ya historia?" Jibu ni hapana. Niliacha chuo mwaka wa 3, karo ikawa mlima. Sina digrii ya historia wala ya kitu kingine. Lakini swali lenyewe naliheshimu, kwa sababu chini yake kuna swali kubwa zaidi: nani ana haki ya kusema huyu anajua, huyu hajui? Na akishasema, anaweza kuirudisha hiyo kauli mfukoni? Nimetafuta mfano mzuri wa kujibu hilo, na sijaona unaoshinda historia ya hiki cheo.

Kabla hatujaenda mbali: mimi si sheikh, sifundishi mtu dini yake. Nasimulia historia tu.

Ni nini, na si nini

Ayatollah ni cheo cha Washia, na hasa Washia wa Maimamu 12, ambao ndio wengi Iran na Iraq. Wasunni hawana cheo hiki. Waislamu wengi wa Kenya ni Wasunni wa madhehebu ya Shafi, kwa hivyo usiende Lamu ukamwite sheikh wa watu ayatollah ukidhani unampa heshima. Atakuangalia tu.

Pia ayatollah si kadhi. Kadhi ni hakimu. Hapa kwetu yuko ndani ya Katiba ya 2010, kifungu cha 170, na mahakama yake inashughulikia hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda mbele yake. Ana ofisi, ana mshahara, ameajiriwa na Idara ya Mahakama. Mufti naye ni mtoa fatwa. Zanzibar kwa mfano, sheria ya 2001 iliweka ofisi ya Mufti, na anayemteua ni Rais wa Zanzibar. Hao wote wawili unaweza kuwauliza barua ya kuteuliwa na wakakuonyesha.

Ayatollah, kwa asili yake, hana barua kama hiyo. Hakuna serikali iliyomteua, hakuna siku ya mahafali, hakuna joho. Na bado kwa miaka mingi watu kama hao walikuwa na nguvu ya kumtetemesha mfalme. Hiyo ndiyo sehemu iliyonishika.

Jitihada na rejea

Mambo yanaanza na neno lingine unalolijua: jitihada. Kwetu ni kujikaza. Kwa wanasheria wa Kiislamu, ijtihadi ni kujikaza kwa aina moja maalum: kukaa na Kurani, hadithi na akili yako mpaka utoe hukumu ya sheria mwenyewe, bila kumtegemea mtu. Anayeweza kufanya hivyo anaitwa mujtahidi.

Karne ya 18 Washia waligombana sana kuhusu hili. Kundi moja, Akhbari, lilisema hadithi za Maimamu zinatosha, binadamu asilete akili zake hapo. Kundi la pili, Usuli, likasema lazima wawepo wataalamu wa kufikiria, kwa sababu maisha yanaleta maswali ambayo hayakuwepo zamani. Usuli wakashinda, wakiongozwa na Vahid Behbahani huko Karbala. Matokeo yake yalikuwa makubwa: kama wewe si mtaalamu, basi umfuate mtaalamu. Na mtaalamu unayemfuata awe hai, ili aweze kujibu maswali ya leo.

Mtaalamu huyo anaitwa marja. Sikiliza vizuri hilo neno. Linatoka kwenye mzizi mmoja na rejea, marejeo, marejeleo. Marja ni mtu wa kurejelewa. Ukitaka kujua kama biashara fulani ni halali, unarejea kwake. Mwaka wa 1864 alipofariki Murtada Ansari huko Najaf, Iraq, alikuwa ameshakubalika na Washia wa nchi nyingi kama rejea yao kuu. Hakuna aliyempigia kura. Watu walikuwa wameona tu kwamba huyu anajua, na anaishi kama maskini ilhali pesa za watu zinapitia mikononi mwake.

Na pesa zipo, tusidanganyane. Washia hutoa humusi, yaani sehemu 1 kati ya 5 ya akiba inayobaki baada ya matumizi ya mwaka, na sehemu ya pesa hizo huenda kwa marja unayemfuata. Yeye ndiye hulipa posho za wanafunzi na kuendesha vyuo. Sasa ona ulivyo mfumo. Mshia wa Mombasa, wa Zanzibar au wa Dar anaweza kumchagua marja anayeishi Najaf, akafuata hukumu zake na kumpelekea humusi yake, bila serikali yoyote kuingilia. Marja akiharibu, au akionekana hajui, watu wanahama. Hatafukuzwa na bodi. Ataachwa tu.

Unafikaje huko

Vyuo hivi vinaitwa hawza, na miji miwili mikubwa ni Najaf na Qom. Qom ya kisasa ilianzishwa 1922, Abdul-Karim Haeri Yazdi alipohamia hapo na wanafunzi wake.

Masomo yana ngazi 3. Ya kwanza ni utangulizi: sarufi ya Kiarabu, mantiki, ufasaha. Ya pili mnasoma vitabu vikubwa vya sheria na mwalimu, mstari kwa mstari. Ya tatu ndiyo noma. Inaitwa kharij, maana yake nje, kwa sababu mko nje ya kitabu. Mwalimu anachukua swali moja, anaeleza wazee wote waliotangulia walisema nini, anawapinga, anatoa lake. Mwanafunzi anaruhusiwa kumkatiza na kumpinga mbele ya darasa zima. Unaweza kukaa hapo miaka na miaka.

Na mwanafunzi ndiye anachagua mwalimu. Kama darasa lako halina kitu, litabaki na mikeka mitupu. Kwa hivyo kabla hujaitwa mkubwa na mtu yeyote, ulikuwa umeshapimwa na vijana ambao kazi yao kila siku ni kutafuta kosa kwenye hoja yako. Baadaye mwalimu wako anaweza kukuandikia ijaza, ruhusa ya kusema kwamba huyu sasa anaweza kutoa hukumu mwenyewe. Hicho ndicho kitu cha karibu zaidi na cheti. Lakini inatoka kwa mtu mmoja anayekujua, akiweka jina lake rehani. Taasisi haihusiki.

Kuna mwanamke anayeitwa Nosrat Amin wa Isfahan, aliyefariki 1983. Alisomea nyumbani, akaandika vitabu vya dini bila kuweka jina lake, akijiita tu bibi wa Isfahan. Wakubwa, akiwemo Haeri Yazdi mwenyewe, wakampa ijaza ya ijtihadi. Yaani walikiri kwamba anajua. Ila kuwa marja, rejea ya watu wote, mwanamke hakuruhusiwa na wanasheria wengi, na hadi leo mlango huo umefungwa. Naliweka hili hapa mapema ili usidhani nauza mfumo kamilifu. Ulikuwa na uwezo wa kuona elimu ya mama huyu na bado ukamwekea dari.

Tumbaku ilipomshinda mfalme

Nguvu yenyewe iko wapi? Twende 1890. Mfalme wa Iran, Naser al-Din Shah, alimpa Mwingereza mmoja, Meja Talbot, haki ya kununua, kuuza na kusafirisha nje tumbaku yote ya Iran kwa miaka 50. Mfalme angepata pauni 15,000 kwa mwaka na robo ya faida. Wakulima na wafanyabiashara wangeamka asubuhi na kukuta mnunuzi ni mmoja tu. Wakenya wa miwa na majani chai, nadhani hamhitaji maelezo zaidi.

Desemba 1891 ikatokea fatwa kwa jina la Mirza Shirazi, marja mkuu wa wakati huo, aliyekuwa akiishi Samarra, Iraq, nje kabisa ya mamlaka ya Shah. Ujumbe ulikuwa mfupi: kutumia tumbaku kwa sasa ni sawa na kumpiga vita Imamu. Nchi ikaacha kuvuta. Maduka ya tumbaku yakafungwa. Hadi ndani ya ikulu wake wa mfalme wakaweka shisha chini, na watumishi wakakataa kuzitayarisha. Mwanzoni mwa 1892 mkataba wote ulikuwa umefutwa. Iran ikalipa kampuni ile fidia ya pauni 500,000, pesa ambazo ilibidi zikopwe.

Angalia kitu kimoja. Wakati huo neno ayatollah halikuwa limeenea kama leo. Limetumika zamani kwa mtu mmoja mmoja: Allama al-Hilli, mwanachuoni wa Iraq aliyefariki 1325, ni kati ya watu wa kwanza kabisa kuitwa hivyo. Lakini kama cheo cha kawaida lilianza kushika mwanzoni mwa karne ya 20, siku za mapinduzi ya katiba ya Iran ya 1905 hadi 1911. Shirazi alimwangusha mfalme kwenye tumbaku bila cheo hicho. Nguvu ilitangulia, jina likaja nyuma.

Vyeo navyo vinapanda bei

Hapa ndipo historia inaanza kufanana na Kenya, wasee.

Zamani za kale, Kulayni, mkusanyaji mkubwa wa hadithi za Kishia aliyefariki 941, aliitwa Thiqat al-Islam, mwaminiwa wa Uislamu. Ilikuwa heshima ya mtu mmoja. Halafu kuna Hujjat al-Islam. Hujja ndiyo hoja yetu ya Kiswahili: mtu ambaye yeye mwenyewe ni hoja ya Uislamu. Ghazali, Msunni mashuhuri aliyefariki 1111, aliitwa hivyo. Karne ya 19 Washia wakampa Muhammad Baqir Shafti wa Isfahan, mtu mzito sana, aliyefariki 1844.

Kisha ikawaje? Wakaongezeka waliotaka kuitwa hivyo. Thiqat al-Islam ikashuka hadi kuwa ya wanaoanza. Hujjat al-Islam ikawa ya watu wa kati. Ili mtu wa kati aonekane juu kidogo ya wa kati mwenzake, wakairefusha: Hujjat al-Islam wal-Muslimin, hoja ya Uislamu na Waislamu. Manze, hata bia haijawahi kupanda bei hivyo.

Ayatollah ikachukua kiti cha juu. Nayo ikajaa. Basi wakaongeza tena: Ayatollah al-Uzma, ishara adhimu ya Mungu, ambayo ndiyo husemwa Ayatollah Mkuu. Aliyejulikana nayo sana ni Borujerdi wa Qom, aliyekuwa marja mkuu kuanzia katikati ya miaka ya 1940 hadi alipofariki Machi 1961. Leo mkuu ni yule anayefuatwa na watu, aliyetoa kitabu chake cha hukumu. Ayatollah bila mkuu ni mwingine tu kati ya wengi.

Sheria ya soko ni ile ile popote. Ukichapisha noti nyingi, noti inapoteza thamani. Ukigawa vyeo, cheo kinapoteza uzito, na mtu anayestahili analazimika kutafuta kingine kipya ili aonekane.

Cheo kilichookoa shingo

Sasa tufike mahali pa moto.

Juni 1963, Ruhollah Khomeini alikamatwa baada ya kumshambulia Shah kwenye hotuba. Kulikuwa na hofu ya kweli kwamba atauawa. Wakati huo hakuwa amefika kileleni kwenye safu ya wakubwa wa Qom. Wakubwa wenyewe wakafunga safari hadi Tehran, mmoja wao akiwa Kazem Shariatmadari, na wakatoa kauli kwamba Khomeini ni marja. Hoja yao ilikuwa kwamba sheria ya nchi haimruhusu mtu wa daraja hiyo auawe. Khomeini akaachiliwa. Mwaka uliofuata akafukuzwa nchini, akakaa Uturuki, Najaf, mwishowe Ufaransa, na Februari 1979 akarudi Tehran kama kiongozi wa mapinduzi.

Usidhani cheo ni ngao kila mara. Sheikh Fazlollah Nuri, mujtahidi mkubwa wa Tehran, alinyongwa hadharani Julai 1909. Muhammad Baqir al-Sadr, mmoja wa vichwa vikali zaidi vya Najaf, aliuawa na serikali ya Saddam Hussein Aprili 1980, yeye na dada yake. Lakini 1963, angalau mara hiyo, neno moja lililosemwa na wenzake lilimweka mtu hai.

Ruka hadi 1982. Shariatmadari, yule yule, sasa ni mzee, na hakubaliani na wazo kwamba wanasheria wa dini waendeshe serikali. Akashtakiwa kwamba alijua mpango wa kupindua nchi. Akaonyeshwa kwenye televisheni akiomba msamaha. Chama cha walimu wa Qom kikatangaza kwamba si marja tena. Hilo lilikuwa jambo geni kabisa. Kwa zaidi ya miaka 100 marja aliachwa na wafuasi, polepole, mmoja mmoja. Hakukuwa na mtu wa kumvua. Shariatmadari alifariki Aprili 1986 akiwa chini ya ulinzi nyumbani kwake.

Halafu kuna Hossein-Ali Montazeri. Alikuwa mwanafunzi wa Khomeini, na 1985 akateuliwa rasmi kuwa atakayemrithi. Mwaka wa 1988 serikali iliwaua maelfu ya wafungwa wa kisiasa. Montazeri, ambaye angekaa kimya tu akangoja kiti, akaandika barua kupinga. Fikiria. Mtu amebakiza hatua moja awe mkubwa wa nchi, na anaitumia hatua hiyo kuwasemea wafungwa ambao wengi wao walikuwa maadui zake kisiasa. Machi 1989 akaondolewa.

Tatizo ni kwamba katiba ya 1979 ilitaka kiongozi awe marja. Montazeri ametoka, na wakubwa wengine wa Qom walikuwa hawautaki mfumo huo au wamezeeka. Ikabidi katiba ibadilishwe. Khomeini alifariki tarehe 3 Juni 1989. Kesho yake, Baraza la Wataalamu likamchagua Ali Khamenei, aliyekuwa rais, na ambaye hadi siku hiyo alikuwa akiitwa Hujjat al-Islam. Kwenye vyombo vya habari vya serikali akaanza kuitwa Ayatollah karibu usiku huo huo. Kura ya kubadilisha katiba, iliyoondoa sharti la marja, ilikuja Julai.

Mwaka wa 1994 chama kile cha walimu kikatoa orodha ya majina 7 ya watu wanaofaa kurejelewa. La Khamenei lilikuwemo. La Montazeri, ambaye alikuwa amefundisha kizazi kizima, halikuwemo. Mwaka wa 1997 akazungumza tena, akafungiwa nyumbani hadi 2003.

Alipofariki Desemba 2009, Qom ilijaa watu. Serikali ilikuwa imemwondolea kila kitu inachoweza kuondoa. Waliokuja kumzika hawakuwa wamepata taarifa hiyo, au waliipata wakaipuuza. Kwao alikuwa bado ni Ayatollah Mkuu, kwa sababu wao ndio waliompa.

Njia ya Najaf

Ng'ambo ya mpaka, Ali al-Sistani alishika nafasi ya mwalimu wake Khoei aliyefariki 1992. Hakuwa na cheo serikalini. Aliishi kwenye nyumba ndogo ya kupanga kwenye kichochoro Najaf. Juni 2014, wapiganaji wa ISIS wakiwa wameuteka Mosul, fatwa moja kutoka ofisi yake iliwatoa vijana wengi sana majumbani kwenda kujiandikisha kulinda nchi. Machi 2021, Papa Francis alipozuru Iraq, ni yeye Papa aliyetembea kwa miguu kwenye kichochoro kile kwenda kumwona.

Kuna watu wataniambia Najaf nako kuna siasa, kuna pesa, kuna watoto wa wakubwa wanaolinda majina ya baba zao. Ni kweli. Elimu ikishakuwa na humusi ya watu nyuma yake, hakuna mahali itakosa mapambano. Ninachosema ni kidogo kuliko hapo: cheo kilichojengwa na wanafunzi na wafuasi ni vigumu kukivunja kwa tangazo la redio. Kilichojengwa na tangazo kinahitaji tangazo lingine kila asubuhi ili kisimame.

Sasa turudi kwetu

Februari 2024, Tume ya Utumishi wa Umma ilisema imepata zaidi ya watu 2,000 wenye vyeti bandia ndani ya taasisi za serikali. Watu wakacheka mitandaoni siku 2, wakaendelea na maisha. Mimi haikunichekesha. Kwa kila mmoja wao kuna msee alisoma kwa mkopo wa HELB, akahitimu, na anauza mitumba Gikomba kwa sababu nafasi yake imekaliwa na karatasi.

Ongeza hapo wanasiasa wanaoitwa Daktari kwa shahada za heshima walizopewa na vyuo ambavyo huwezi kuvipata kwenye ramani. Ongeza wahubiri: mchungaji akawa askofu, askofu akawa nabii, nabii akawa mtume, na sijui baada ya mtume ataenda wapi, maana nafasi zimebaki chache. Ongeza Mheshimiwa, ambalo siku hizi hata mgombea aliyeshindwa mara 3 anaitikia. Hii ni Thiqat al-Islam na Hujjat al-Islam tena, tumevaa suti tu.

Na hapa lazima niwe mkweli kwa upande wangu pia, kwa sababu ningependa sana kukwambia kwamba vyeti ni uongo na wafuasi ndio ukweli. Ingenifaa. Nina wafuasi, sina cheti. Lakini historia hii hainipi nafasi hiyo. Wafuasi wa marja hawakumfuata kwa sababu anachekesha. Nyuma yake kulikuwa na miaka ya kukaa kwenye mkeka akikatizwa na kupingwa na watu wanaojua kama yeye. Wafuasi bila huo mkeka ni umati tu, na umati unaweza kumfuata mtu yeyote mwenye taa nzuri na sauti nzito. Cheti bila mkeka nacho ni karatasi. Kinachobeba vyote viwili ni kule kukubali kupingwa na mtu anayejua.

Kwa hivyo swali la "una digrii?" naomba tulibadilishe kidogo. Ukikutana na Dkt., Prof., Mheshimiwa, Mtume, au kijana wa simu na taa ya duara kama mimi, muulize mambo 3. Nani alikufundisha? Nani aliwahi kukupinga, na ulimjibu vipi? Na aliyekupa hicho cheo, je, anaweza kukivua siku utakaposema jambo asilolipenda? Hilo la tatu ndilo lilimtenganisha Montazeri na wengi.

Majibu yangu mimi: walimu wangu ni wa shule ya upili, wahadhiri wachache kabla karo haijanitoa, na vitabu vya maktaba ya taifa. Wanaonipinga ni nyinyi. Juma lililopita mmoja wenu alinishikilia kuhusu tarehe za mkataba wa 1895 kati ya Waingereza na Sultani wa Zanzibar, tukabishana hadi saa 8 usiku, kila mtu na kitabu chake. Hakuna aliyeniita cheo chochote usiku huo, na ilikuwa moja ya mijadala mizuri zaidi ambayo ukurasa huu umewahi kuwa nayo.

Maoni yako wazi. Ukiwa Mshia na kuna mahali sijaeleza vizuri, njoo ukatize.